Ritifaa, Mahali na Mashine: Uhakiki wa Maandishi ya Kompyuta kama Yanavyoonekana Arua na Koboko

1. Utangulizi

Kwa desturi kurasa za uhakiki hushughulika na riwaya, tamthilia na diwani. Makala haya yanakusudia kuhakiki kitu ambacho hakina mwandishi mmoja wala jalada, ilhali leo kinapita katika mikono ya wanafunzi wetu kuliko kitabu chochote cha kiada. Kitu hicho ni mfumo endeshi wa kompyuta na wa simu, hasa namna unavyozipokea lugha zetu na kuziandika.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha mashine na kuzitawala programu nyingine zote. Unapowashwa kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili: unatumia lugha gani, na uko nchi gani? Majibu yake ndiyo tunayoyaita hapa mpangilio wa mahali. Kwa kuyafuata majibu hayo mashine huamua namna ya kuandika tarehe, saa, fedha na hesabu, na namna ya kuyapanga maneno kwa alfabeti. Chini ya mpangilio huo kuna jambo la msingi zaidi, nalo ni usimbaji wa herufi, yaani kanuni ya kuigeuza kila herufi kuwa nambari. Kwani mashine haijui herufi, inajua nambari tu.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linamhusu nini mwalimu wa lugha? Linamhusu sana. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukipokea kama lugha rasmi kufuatana na uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mitihani, orodha za wanafunzi na taarifa za shule zitaandikwa kwa Kiswahili kwa wingi zaidi, na zitaandikwa kwa mashine.

Tumechagua Arua na Koboko kwa sababu mahali hapa panaipima mashine vizuri. Kutoka Arua, njia ya Vurra inampeleka mtu Aru, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka Koboko, njia ya Oraba inampeleka Kaya, Sudan Kusini. Katika soko moja husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili na Kiingereza, na wafanyabiashara wa kutoka Kongo huongeza Kilingala na Kifaransa. Hoja yetu ni moja tu: mpangilio wa mahali ni kanuni ya uandishi, na kanuni ya uandishi isiyokaguliwa na walimu wa lugha itawafundisha wanafunzi mambo ambayo mwalimu hakuyakusudia.

2. Asili ya usimbaji wa herufi

Kanuni iliyotawala kwa muda mrefu ni ile ya Kimarekani iitwayo ASCII, iliyotolewa mwaka 1963. Kanuni hiyo ina nafasi 128 tu. Ndani yake mna herufi za Kiingereza, tarakimu, alama chache za kuakifishia, na amri za mashine. Lugha zenye herufi nyingine zilibaki nje. Baadaye nafasi ziliongezwa hadi 256, lakini kila eneo la dunia likazijaza nafasi za nyongeza kwa herufi zake, hata nambari ileile ikawa herufi moja huku na herufi nyingine kule. Waraka ulioandikwa kwa jedwali moja na kusomwa kwa jedwali jingine ulitoka na vioja.

Ili kuiondoa fujo hiyo, mwaka 1991 lilitolewa toleo la kwanza la Unicode, mpango unaokusudia kuipa kila herufi ya kila lugha nambari yake isiyoshirikiana na nyingine. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuziandika nambari hizo kwa baiti moja hadi kadhaa, ambayo leo ndiyo inayotumika kwa wingi zaidi duniani.

Kiswahili cha hati za Kilatini kilionekana kuwa na bahati katika historia hii. Hakina nukta juu ya irabu, wala mkia chini ya konsonanti. Kila herufi yake imo katika zile nafasi 128 za ASCII. Ndiyo sababu wengi husema kwamba Kiswahili hakina tatizo na kompyuta. Sisi tunaona kuwa kauli hiyo ni ya haraka, na ushahidi wetu ni alama moja ndogo.

3. Ritifaa: alama au herufi?

Ving'ong'o vya Kiswahili vinatofautisha maana. Ng'oa ni kuondoa kitu kilichoshika ardhini. Ngoa ni wivu au tamaa. Kinachoyatenganisha maneno hayo mawili katika maandishi ni ritifaa pekee. Kwa mwalimu, basi, ritifaa katika ng' ni sehemu ya herufi. Kwa mashine, ritifaa ni alama ya kuakifishia, ndugu wa alama za kunukuu.

Tofauti hii ya nadharia huzaa madhara yanayoonekana kwa macho. Mwalimu akibonyeza ritifaa katika programu ya kuandikia, mara nyingi programu huibadilisha ile alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ikidhani kwamba inapamba Kiingereza. Alama iliyopinda haimo katika ASCII. Katika UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu. Faili hiyo ikifunguliwa na programu inayotumia jedwali la zamani la Windows kwa nchi za Ulaya Magharibi, kila baiti husomwa peke yake, na ng'ombe anatoka akiwa ngâ€™ombe. Msomaji aliyepata kuona mnyama wa namna hiyo katika karatasi ya mtihani sasa anajua asili yake: faili haikuharibika, imesomwa kwa ufunguo usio wake.

Hata pale ambapo hakuna kioja kinachoonekana, kuna hasara iliyojificha. Ng'ombe wa ritifaa iliyonyooka na ng'ombe wa ritifaa iliyopinda ni maneno mawili tofauti kwa mashine isiyofundishwa kuyalinganisha. Anayemtafuta mmoja huenda asimpate mwingine.

Sasa tukitazame Kilugbara, na hapo jambo linakuwa zito zaidi. Kilugbara kina b na d za kawaida, na kina pia sauti nyingine zinazotamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, ambazo huandikwa 'b na 'd. Neno la watu ni 'ba. Katika Kiswahili ritifaa hukaa katikati ya neno daima, kwa sababu ng' hufuatwa na irabu. Nazo kanuni za Unicode za kutambua mipaka ya neno huiruhusu ritifaa iliyo kati ya herufi mbili kubaki ndani ya neno. Kiswahili kinaokoka kwa bahati. Katika Kilugbara ritifaa hutangulia neno, na papo hapo mashine huihesabu kuwa nje. Mwandishi akiligusa neno 'ba mara mbili ili alichague, mashine hushika ba na kuiacha ritifaa. Tena programu inayopinda alama huona kwamba neno linaanza, hivyo huweka alama ya kufungua nukuu, ambayo imegeukia upande usio wake: ‘ba.

Dawa ya jambo hili imo ndani ya Unicode yenyewe. Ipo alama ya ritifaa iliyohesabiwa kuwa herufi, nambari yake U+02BC, ambayo huonekana hivi: ʼ. Mashine ikiikuta haikati neno wala haiigeuzi. Lakini kibodi za kawaida zinazouzwa madukani hazina kitufe chake, na dawa isiyofikika hailiponyi gonjwa.

Kikakwa nacho kina kisa chake. Ni jamaa ya karibu ya Kibari, na katika maandishi ya jamaa hiyo sauti ya ng' huandikwa kwa herufi moja, ŋ, kama katika ŋutu, yaani mtu. Kiganda pia hutumia herufi hii. Katika mifumo ya jamaa ya Linux, mpangilio wa Kiganda uliorodheshwa pamoja na jedwali la ISO 8859-10, lililotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Kaskazini. Sababu ni kwamba Wasami wa huko nao huandika ŋ, na jedwali lao lilikuwa mojawapo ya yale machache yenye nafasi ya herufi hiyo. Hivyo Mganda aliazima herufi kwa wafugaji wa kulungu. Kisa hiki kinachekesha, lakini kinaeleza hali ilivyokuwa kabla ya UTF-8: lugha ya Afrika ilipata herufi yake ikiwa tu kuna mtu wa mbali aliyeihitaji.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Tumepata kuona orodha za wanafunzi ambamo majina ya Kilugbara yenye ritifaa yameandikwa kwa namna tatu: penye ritifaa, pasipo ritifaa, na penye alama ya kuuliza mahali pa ritifaa. Jina la mtoto katika orodha ya darasa likitofautiana na jina lake katika orodha ya mtihani, mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye humwangukia mtoto na mzazi wake. Hapo alama ndogo imekwisha kuwa jambo kubwa.

4. Lugha moja, nchi ngapi?

Mashine huziita lugha na nchi kwa vifupisho. Kiswahili ni sw, Uganda ni UG, na sw-UG ni Kiswahili cha Uganda. Kwa miaka mingi Kiswahili katika Windows kilikuwa kimoja tu, sw-KE, yaani cha Kenya. Mwalimu wa Arua aliyechagua Kiswahili alihesabiwa kuwa Mkenya, na fedha zake zikaandikwa kwa shilingi ya Kenya. Mifumo ya Linux nayo iliwahi kukipa Kiswahili nchi mbili, Kenya na Tanzania. Leo hazina ya data za mahali ya shirika la Unicode, iitwayo CLDR, ambayo mifumo mingi huchota kwayo, inakitambua Kiswahili cha nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Hayo ni maendeleo, nasi tunayapongeza.

Lakini lugha nyingine za West Nile ziko wapi? Zina vifupisho vyake katika orodha ya kimataifa: Kilugbara ni lgg, Kikakwa ni keo, Kinubi ni kcn. Hata hivyo kifupisho ni jina tu. Hakitoi majina ya siku wala ya miezi, wala namna ya kupanga alfabeti. Lugha za Uganda zilizotangulia kupata mpangilio katika hazina hiyo, zaidi ya Kiswahili na Kiingereza, ni Kiganda, Kinyankole, Kiciga, Kisoga na Kiteso. Hakuna hata moja ya West Nile. Lugha hizo tano hazikupendelewa. Zilipata watu walioketi wakaijaza data hiyo, neno kwa neno.

5. Nambari na saa mpakani

Mpangilio wa mahali hauishii katika herufi. Chukua mfano huu. Katika mpangilio wa Kiswahili cha Uganda, mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali. Katika mpangilio wa Kiswahili cha Kongo, unaofuata desturi ya Kifaransa, mambo hugeuka. Basi 1.500 ni elfu moja na mia tano huko Aru, na ni moja na nusu huko Arua. Ni lugha ileile, ni miji miwili yenye majina yanayofanana, na kati yao pana mwendo mfupi wa gari. Lahajedwali iliyojazwa upande mmoja ikisomwa upande wa pili bila kuangaliwa, inaweza kuifanya bei ya gunia kuwa bei ya punje, wala mashine isitoe onyo, kwani kwa kanuni yake hakuna kosa lililotendeka. Hapa ndipo tunapoona ubaya wa kudhani kwamba lugha moja ni desturi moja.

Saa nayo ina mpaka. Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Mashariki ya Kongo iko saa mbili mbele. Na Sudan Kusini, ambayo zamani ililingana na Uganda, ilirudi nyuma saa moja tangu tarehe 1 Februari 2021. Simu ya mtu wa Koboko iliyowekwa ifuate saa ya mtandao, ikidaka mnara wa ng'ambo ya mpaka, yaweza kurudi nyuma saa nzima bila mwenyewe kuhama kitandani. Katika asubuhi ya mtihani, saa moja si kitu kidogo.

6. Kiswahili ndani ya mashine: saa, juma na ngeli

Hadi hapa tumezungumzia herufi na nchi. Sasa tuhakiki Kiswahili chenyewe kama mashine inavyokitumia.

Kwanza, saa. Mswahili huhesabu saa tangu macheo, na mashine huhesabu tangu usiku wa manane. Hazina ya data imejitahidi kuweka maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku badala ya vifupisho vya Kiingereza, na kwa mtazamo wa kwanza jitihada hiyo inapendeza. Lakini matokeo yake ni kuchanganya hesabu ya Kizungu na maneno ya Kiswahili. Mashine ikiandika "2:00 usiku", inakusudia saa ambayo sisi tunaiita saa nane za usiku. Msomaji wa Kiswahili ataelewa saa mbili za usiku, baada ya chakula cha jioni. Pana tofauti ya saa sita kati ya maana hizo mbili. Afadhali mashine ingeandika 02:00 na kunyamaza.

Pili, juma. Majina yetu ya siku yana hesabu ndani yake: Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Katika mpangilio wa Uganda kalenda huanza Jumatatu, na katika mpangilio wa Kenya huanza Jumapili. Hivyo mwanafunzi hufunzwa darasani kwamba tatu hufuata mbili, kisha katika kalenda ya simu huona juma likianzia na tatu. Hatusemi kalenda ibadilishwe, maana ofisi na shule zimezoea hivyo. Tunasema mwalimu aitumie tofauti hiyo kufundishia historia ya majina ya siku, badala ya kuipita kimya.

Tatu, na hapa uhakiki wetu ni mkali zaidi, ni ngeli. Programu hujenga sentensi kwa kuacha pengo na kulijaza baadaye. Mtunzi wa Kiingereza akiandika sentensi moja ya kusema kwamba kitu fulani kimefutwa, sentensi hiyo hufaa kwa kila nomino. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kufanya hivyo. Picha imefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, jina limefutwa. Akichagua kiambishi kimoja, vingine vyote vitakosewa. Mashine zinajua kwamba Kiswahili kina umoja na wingi, kwa kuwa kanuni ya data inatenga moja na mengineyo, lakini hazikuandaliwa nafasi ya kujua ngeli ya neno litakaloingia katika pengo. Ndiyo maana tunasoma "ujumbe imefutwa" tukadhani mfasiri hakusoma shule. Mara nyingi mfasiri alijua. Ni pengo lililomfunga mikono.

7. Hoja za upande wa pili

Haki inatutaka tuyataje mema. Waafrika Mashariki hawakuketi tu wakingoja: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wenye makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba menyu na maelekezo yanaweza kusomeka kwa Kiswahili safi. Mabishano juu ya istilahi, kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, ni dalili ya uhai wa lugha, ingawa mara nyingine tumebishana juu ya jina la chombo tukasahau kukagua kinachoandikwa ndani yake.

Wapo pia wanaosema kwamba mashine iachwe katika Kiingereza, kwa kuwa mwanafunzi wa Arua anakijua. Hoja hiyo inasahau kwamba kuichagua lugha ya Kiingereza hakuliondoi jina la Kilugbara katika orodha, wala hakubadilishi bei ya mzigo unaotoka Aru. Ritifaa itaharibika vilevile.

8. Mapendekezo

Tunapendekeza yafuatayo kwa walimu wenzetu. Kwanza, kila faili la somo lihifadhiwe kwa UTF-8, na mwalimu ajue mahali pa kuliangalia jambo hilo katika programu yake. Pili, uwezo wa programu wa kupinda ritifaa uzimwe, ili shule nzima itumie alama ya aina moja. Kwa Kilugbara, pale kibodi inaporuhusu, itumike ʼ. Tatu, katika nyaraka zinazovuka mpaka, mwezi uandikwe kwa jina wala si kwa nambari, na maelfu yatengwe kwa nafasi tupu, ili nukta na mkato visilete ugomvi. Nne, mwalimu achague Kiswahili cha Uganda pale kinapopatikana, kwani lugha isiyochaguliwa na mtu huonekana kama isiyotakiwa na mtu.

Pendekezo la tano ndilo kubwa. Hazina ya CLDR hupokea data na masahihisho kutoka kwa wajuzi wa lugha. Majina ya siku na miezi ya Kilugbara na Kikakwa, orodha za alfabeti zao, na malalamiko yetu juu ya saa za Kiswahili, ni mambo ambayo kikundi cha walimu wa Arua na Koboko kinaweza kuyakusanya katika muhula mmoja, kwa kushirikiana na wazee na watu wa tafsiri. Fundi aliye mbali hawezi kukisia kwamba 'b ni herufi. Ni lazima aambiwe na mtu anayeifundisha.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Walimu wa wilaya nyingine wenye mifano ya namna hii, hasa ya majina ya wanafunzi yaliyopotoshwa na mashine, tunawaomba wayaandike na kuyaleta katika taarifa hii, ili masahihisho yatakapopelekwa yawe na ushahidi.